Mrija wa Watu Wengi

Siku Evelio aliponipeleka kwa mama yake, nilikuwa sijanywa hata tone la maji tangu saa mbili usiku wa jana yake. Ilikuwa Jumapili ya Januari, joto la kukausha nguo zikiwa bado mkononi, na midomo yangu ilikuwa imepasuka chini ya rangi niliyoipaka. Sikulalamika. Mwanamke mwenye tatizo langu hupanga siku yake kama mpishi wa harusi: nini kitaingia, saa ngapi, na kitatokea wapi.

Niseme wazi, kwa sababu nimechoka na mafumbo. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na nilikuwa sishiki mkojo. Nikicheka, unatoka. Nikipiga chafya, unatoka. Nikinyanyua boksi la chupa za dripu, unatoka. Ilianza nilipomzaa Zunilda, binti yangu wa pekee, kilo nne na nusu, uchungu wa siku mbili. Tangu hapo nilivaa sketi nyeusi au zenye maua mengi, nikabadilisha pedi kila baada ya saa tatu, nikakaa kiti cha karibu na mlango, na popote nilipokwenda nilibeba pochi ya vipodozi ambayo ndani yake hamkuwa na kipodozi hata kimoja.

Na mimi nina diploma ya famasia. Kwa miaka kumi na tisa nimewauzia wanawake wa mji wetu, Paraguarí, nepi za watu wazima, nikawafungia kwenye karatasi ya kahawia, nikawaambia bila kupepesa macho kwamba si aibu, kwamba wabane na kuachia misuli ya chini asubuhi na jioni, kwamba wamwone daktari, kwamba wasijinyime maji maana mkojo mzito huchokoza kibofu zaidi. Za kwangu nilipanda basi kwenda kuzinunua Carapeguá, wasikonijua. Daktari sikumwona. Na maji nilijinyima.

Baba yake Zunilda, Wilfrido, ndiye aliyenifundisha kuficha. Mtoto akiwa na miezi mitano, aliamka asubuhi moja, akashika shuka kwa vidole viwili, akasema kitanda chetu kinanuka kama chekechea. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwaka uliofuata alikwenda Buenos Aires kutafuta kazi ya ujenzi, na mpaka leo anaijenga.

Kwa hiyo miaka ishirini na mmoja sikuwa na mwanamume. Halafu jokofu la insulini likaharibika.

Evelio Recalde, fundi wa majokofu, alilielewa kabla hajafungua boksi lake la vifaa. Aliegemeza sikio mlangoni mwa jokofu, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu kama daktari anayempenda mgonjwa wake. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mjane, mabega ya mtu aliyebeba mashine kupanda ngazi maisha yake yote, na kucha zenye grisi isiyotoka kwa sabuni. Alipomaliza aliniuliza kama jina langu kweli ni Asteria au ni jina la kwenye beji tu. Nikamwambia beji haijui kudanganya. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, na nikajua kuwa jokofu lile litahitaji matengenezo mara nyingi kuliko inavyostahili.

Miezi minane. Alikuja, akaketi nje ya duka nikifunga, tukatembea hadi uwanja wa kanisa. Alinitazama nilipokuwa nasoma maandishi ya daktari, nilihisi macho yake shingoni kama joto la pasi. Aliponishika mkono, sikuutoa. Aliponiomba nilale kwake, nilisema Zunilda ananisubiri, wakati Zunilda ana miaka ishirini na mbili na anasomea uuguzi Asunción. Hakunisukuma. Alisema yeye ni fundi wa baridi, anajua vitu vilivyoganda haviyeyushwi kwa nyundo.

Jioni moja alinisimulia habari za marehemu mkewe, Obdulia. Aliugua kifua kikuu. Alitibiwa, madaktari wakasema haambukizi tena, lakini mtaa mzima uliacha kunywa nao tereré, yale majani yetu ya maji ya barafu. Anayetujua anajua uzito wa jambo hilo. Sisi tunakunywa kwa pembe moja ya ng'ombe, mrija mmoja wa chuma, mdomo kwa mdomo kuzunguka duara, jirani, baba mkwe, muuza barafu, yeyote aliyeketi. Anayepewa ni mtu. Watu walikuwa wakipita mbele ya nyumba yao na majagi yao ya barafu, wakiwasalimia kwa mbali. Evelio aliniambia Obdulia hakufa kwa kifua, alikufa kwa kiu ya watu. Aliniambia hayo akitazama viatu vyake. Nilimshika mkono kwa nguvu na nikaapa moyoni kuwa mimi sitamwumiza mtu huyu.

Basi, ile Jumapili.

Nilivaa sketi ya maua, pedi nene ya safari, nyingine mbili ndani ya pochi. Kutoka Paraguarí hadi kwao Pirayú ni nusu saa ya pikapu, nusu yake barabara ya mawe, na kila jiwe nililihesabu kwa kibofu. Evelio alikuwa amenyoa hadi kidevu kinang'aa. Aliniambia mama yake ameamka alfajiri kuoka, na kwamba hajawahi kumpelekea mwanamke tangu amzike Obdulia. Kisha akasema, macho yake barabarani, kwamba leo mbele yao anataka kusema neno. Sikuuliza neno gani. Nilikuwa nalijua, na moyo wangu ulikuwa unalirudiarudia kama msichana wa miaka kumi na sita.

Mama yake, Ña Hermelinda, na Ña kwetu ni Bi, alikuwa mwanamke mfupi wa miaka themanini kasoro, nywele zimesukwa hadi kiunoni. Alinibusu mashavu yote mawili, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanikagua bila haya. Kisha akamwambia mwanawe kwa Kiguarani kwamba nina macho ya mtu asiyelala vizuri, lakini nyonga zangu ni za kuaminika. Dada yake Evelio, Nimia, alicheka. Mumewe Nimia, Blas, aliniletea kiti. Nikakisogeza karibu na njia ya chooni kabla sijakaa. Choo chenyewe kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya banda la nguruwe, na kukifikia ilibidi ukatize mbele ya kila mtu.

Kwa desturi mdogo wa wote ndiye anayemimina. Lakini Ña Hermelinda alimpokonya Nimia jagi. Kwa mgeni huyu, alisema, atamimina mwenyewe. Akachukua kinu chake kidogo, akatwanga majani mabichi mbele yangu, akayatia kwenye maji ya barafu.

"Mkia-wa-farasi, mwanangu," aliniambia. "Unasafisha figo. Ukinywa pembe mbili utakimbia chooni kama mtoto wa miaka mitatu."

Wote wakacheka. Majani hayo mimi nayauza. Kwenye pakiti tumeandika kwa herufi kubwa yanafanya nini.

Pembe ya kwanza ilipokuja, nilisema nimekunywa nyumbani. Hilo linasameheka, mara moja. Pembe ikaendelea kwa Evelio, kwa Nimia, kwa Blas, ikarudi. Mara ya pili nikasema nina dawa ninayomeza isiyopatana na majani yale. Nimia akauliza, kwa sauti ya asali, ni dawa gani hiyo inayogombana na maji, maana yeye angependa kuijua asije akaimeza kwa bahati mbaya. Nikataja jina refu la Kilatini. Akasema ahaa, kumbe ni hiyo.

Blas alijaribu kuokoa mambo. Alimpiga Evelio begani.

"Shemeji, una bahati. Wenzako wanaoa wake, wewe umepata ngamia. Huyu unavuka naye nyika kavu ya Chaco nzima bila kusimama."

Sikutarajia, na kilikuwa kichekesho kizuri, nikacheka kwa kifua chote. Nikasikia ule ujoto ukishuka. Si kidogo. Nikasimama kabla kicheko hakijaisha, nikauliza choo kiko wapi ingawa nilikuwa nakitazama, nikakatiza ua mzima na pochi yangu mkononi. Nyuma yangu nilimsikia Nimia akisema kwamba asiyekunywa chochote anakojoa nini, labda amekwenda kukagua kama kuna maji ya bomba.

Kule ndani nilibadilisha kwa haraka ninayoijua mimi, nikaifunga iliyolowa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya pochi. Nikabaki na moja. Nilijitazama kwenye kipande cha kioo kilichotundikwa kwa waya. Nilimwona mwanamke mzuri, aliyependwa, mwenye kiu kali.

Niliporudi, Ña Hermelinda alikuwa amesimama. Kikongwe hasimami kumfuata mgeni, mgeni humfuata kikongwe, lakini yeye alikuja hadi kwenye kiti changu na pembe imejaa hadi ukingoni.

"Mara ya kwanza ni kwa kiu," alisema. "Mara ya pili ni kwa adabu. Mara ya tatu, mwanangu, ni kwa ajili yangu."

Evelio alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, ananitazama. Macho yake hayakuwa ya lawama. Yalikuwa yananiomba.

Ningeweza kuinywa. Nimeinywa mara elfu kichwani tangu siku ile. Nusu glasi ya maji, basi. Lakini pale pale nilipiga hesabu yangu ya kijinga: hii moja, halafu haitakuwa moja, halafu chakula, halafu Evelio atasema neno lake na watataka kunikumbatia mmoja mmoja, wakininyanyua kama wanavyofanya kwao, halafu barabara ya mawe, na pedi moja. Nikauona uso wa Wilfrido na shuka kati ya vidole viwili. Nikatafuta uongo ambao haujibiwi, wa kufunga mlango mara moja. Nikaupata.

"Samahani, mama. Mimi sinywi kwenye mrija wa watu wengi. Kazini kwangu nimeona magonjwa mengi yanayopitia hapo."

Ulipotoka mdomoni ndipo nilipousikia. Katika uongo wote wa dunia, nilikuwa nimeuchagua ule ule wa majirani wa Obdulia.

Ña Hermelinda aliyamwaga maji chini, taratibu, akaupangusa mrija kwa ncha ya aproni yake kama mtu aliyeambiwa ni mchafu, akarudi kukaa. Blas alitazama nguruwe.

Evelio alisimama. "Twende," alisema. Chakula kilikuwa bado jikoni.

Alisimamisha pikapu nje ya mji, kando ya shamba la mihogo, akazima injini. Hakunigeukia.

"Niambie kitu kingine," alisema.

"Kitu gani?"

"Chochote. Niambie mama yangu hujampenda. Niambie unaumwa. Niambie kitu kingine na nitakiamini, Asteria. Sitauliza swali."

Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Ni neno fupi, watoto wanalijua kabla hawajajua kuhesabu. Nililisukuma, likanirudi kooni.

"Hakuna kingine," nikasema.

"Miezi minane sijakuona ukinywa na mtu. Hata na mimi. Nikajiambia ni haya. Nikajiambia, mpe muda." Alitazama mikono yake juu ya usukani. "Hukutaka kulala kwangu. Ukinibusu unajiondoa wa kwanza. Kumbe ni hilo. Unaniona kama walivyotuona wale."

"Si hivyo, Evelio."

"Basi ni vipi?"

Alisubiri, Mungu ni shahidi wangu, alisubiri muda wa kutosha kuichemsha sufuria ya maji. Kisha akawasha gari. Mbele ya nyumba yangu alishuka kunifungulia mlango, kama siku zote, na hakunigusa.

Zunilda nilimweleza yote kwa simu usiku ule. Aliniita mjinga kwa heshima zote. Aliniambia kama kuna wa kuona aibu ni yeye na kichwa chake kikubwa kilichopita pale, na yeye haoni aibu hata kidogo, darasani wanafundishwa kuwa mwanamke mmoja kati ya watatu waliozaa yuko hivyo hivyo. Aliniambia nimpigie Evelio kabla ya kulala. Nikasema nitampigia. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Niliandika mwingine uliokuwa mrefu kama barua ya mahakama, nao nikaufuta. Nilisubiri aje mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Alikuja siku ya kumi na tisa, saa sita mchana, bila boksi la vifaa. Duka lilikuwa na joto na kimya. Alisalimia, akasema amekuja kunionyesha swichi ya jokofu, kwa sababu fundi mwingine ndiye atakayelihudumia sasa. Yeye amepata kazi Chaco, kwenye viwanda vya maziwa vya Loma Plata, miaka miwili. Anaondoka leo, mizigo iko garini. Alinionyesha swichi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Alikuwa amekonda.

Alipogeuka, niliuambia mgongo wake, kwa sauti ile ile ninayowaambia wateja wachemshe chupa za watoto.

"Sishiki mkojo."

Akasimama.

"Tangu nimzae Zunilda. Navaa pedi kila siku. Siku ile nilikuwa nimebakiwa na moja, na mama yako alitwanga mkia-wa-farasi. Ningekunywa, ningejilowesha mbele yenu. Mrija sina tatizo nao, sijawahi. Nilitafuta uongo wa haraka."

Alirudi hadi kwenye kaunta. Aliniangalia kwa muda, na nilimwona usoni akinipitia upya, jioni moja baada ya nyingine, kila kiti cha karibu na mlango.

"Ni hilo tu?" aliuliza.

"Ni hilo tu."

"Obdulia nilimshikia beseni miaka miwili. Nilimwosha mimi. Ulidhani nitakimbia mkojo?"

"Sikudhani. Niliogopa."

"Uliogopa," alirudia, polepole. "Na mama yangu ameufungia ule mrija kabatini. Ananunua glasi za plastiki, akija mtu anampa glasi yake. Miaka themanini, Asteria. Anaona haya kumimina kwenye ua wake mwenyewe."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitakwenda Pirayú, nitapiga magoti, nitamweleza mama yake kila kitu mbele ya Nimia. Akasema niende, itamsaidia yule mzee, naye hatanifungia mlango. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo cha kaunta, karibu na changu, bila kunigusa.

"Ungelowa pale kitini, ningekufunika na shati langu na tungecheka mpaka leo," alisema. "Sikuona uchungu kwa sababu ya siri. Nimeona uchungu kwamba kati ya wewe kulowa na mimi kuumia, ulichagua mimi niumie. Na ulijua ni wapi pa kunichoma, nilikuonyesha mwenyewe."

Lilikuwa kweli.

"Loma Plata ni mbali," nikasema mwishowe.

"Ni mbali," alikubali. Alisubiri tena, kama kule kando ya mihogo. Nadhani kama ningesema neno moja, usiende, angelipima. Lakini kilio kilikuwa kimenibana kifua, na nilipovuta pumzi nikahisi kile nilichokijua kikishuka, pedi ya tangu asubuhi imejaa, sketi ikishika mapaja. Nikafunga mdomo na miguu kwa pamoja. Akatikisa kichwa, akavaa kofia yake, akatoka.

Ndipo nilipomwona Ña Feliciana, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kupimia presha, nyuma ya rafu ya maziwa ya watoto, mkoba juu ya magoti. Hakuna jambo linaloingia sikioni mwa mwanamke yule likakosa kufika sokoni kabla ya saa nane. Alikuwa ameyasikia yote. Miaka ishirini na miwili nililinda siri ile kama mboni ya jicho, na sasa ilikuwa imelala hapo sakafuni kati yetu.

Nilimsubiri acheke. Hakucheka. Aliinuka kwa kushika rafu, akaja na cheti chake cha dawa.

"Vidonge vyangu vinaweza kusubiri, mwanangu," alisema. "Nenda."

Nje, pikapu ya Evelio ilikataa kuwaka. Nilisikia injini ikikohoa na kuzima. Kutoka kaunta hadi mlangoni ni hatua saba. Koti langu la kazi lilikuwa jeupe, nyuma limeshika unyevu, na kituo cha basi kilichotazamana nasi kilikuwa kimejaa watu. Injini ikakohoa tena, ikazima.

Nikachukua cheti cha Ña Feliciana, nikauliza kama ni vya miligramu hamsini au ishirini na tano. Alikuwa ananitazama tu, kwa huruma iliyonichoma kuliko dharau yoyote.

Mara ya tatu injini ikawaka.